Ukimya wa Mashine Kongwe: Historia ya Kuanzisha Mfumo Endeshi kupitia Mtandao na Utatuzi wa Hitilafu Zake tangu 1981

1.0 Utangulizi

Kompyuta nyingi husoma mfumo endeshi kutoka katika diski iliyomo ndani yake. Zipo nyingine ambazo, ama hazina diski kabisa, ama diski yake imeharibika, hulazimika kuomba kila kitu kwa seva. Mashine ya namna hiyo hutoa ombi katika mtandao, hupewa anwani, huletewa faili dogo la mwanzo, kisha hupokea kiini cha mfumo endeshi na hatimaye faili zote inazohitaji ili mtumiaji aweze kufanya kazi. Insha hii inaichunguza njia hiyo kwa jicho la historia, ikijikita zaidi katika hitilafu zinazojitokeza pale mashine kongwe inapotakiwa kuzungumza na mtandao wa leo.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutofautisha maneno mawili. Katika Kiswahili cha karakana, fundi husema kompyuta "imewaka" mara aonapo taa na kusikia feni. Kwa mada hii neno hilo halitoshi, kwa kuwa mashine inaweza kuwaka barabara na mfumo endeshi usianze. Kwa hiyo, katika insha hii *kuwasha* ni kuipa mashine umeme, na *kuanzisha* ni kuufikisha mfumo endeshi katika kumbukumbu na kuukabidhi usukani. Hitilafu zote zinazojadiliwa hapa zimo katika nafasi iliyopo baina ya vitendo hivyo viwili.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba hitilafu nyingi za kuanzisha mfumo kupitia mtandao katika mashine kongwe ni migongano ya nyakati. Chipu ya ROM iliyochomwa programu katika mwaka fulani hubeba dhana za mwaka huo kuhusu mtandao: jinsi utakavyojibu, utajibu baada ya muda gani, na faili litakuwa na ukubwa gani. Mtandao hubadilika, lakini chipu haibadiliki. Pale dhana hizo zinapoachana, mashine hunyamaza, na ukimya huo hutafsiriwa kwa wepesi kuwa ni kifo. Swali hili lina uzito nje ya vitabu, kwani uamuzi wa kuandika kompyuta katika orodha ya vifaa vya kufutwa mara nyingi hutegemea tafsiri hiyo.

2.0 Mashine Isiyolijua Jina Lake

Tatizo la kwanza la kihistoria lilikuwa la utambulisho. Kompyuta isiyo na diski inapowaka haijui anwani yake ya mtandao, kwa kuwa haina mahali pa kuihifadhi. Kitu pekee inachokijua ni namba ya kadi yake ya Etherneti, iliyowekwa kiwandani. Inawezaje, basi, kuomba faili kutoka kwa seva wakati haijui yenyewe ni nani?

Chombo cha kubebea faili kilikuwa kimekwisha patikana. Itifaki ya TFTP, iliyobuniwa awali na Noel Chiappa, iliandikwa katika waraka wa RFC 783 mnamo Juni 1981 chini ya uhariri wa Karen Sollins. Urahisi wake ulikuwa wa makusudi. Haiulizi neno la siri wala haiorodheshi faili, na kila kipande cha baiti 512 husubiri kithibitishwe ndipo kinachofuata kitumwe. Programu ya aina hiyo iliweza kuenea katika chipu ndogo ya ROM, na hiyo ndiyo sifa iliyoipa maisha marefu.

Jawabu la swali la utambulisho lilitolewa Juni 1984 katika RFC 903, kazi ya Ross Finlayson, Timothy Mann, Jeffrey Mogul na Marvin Theimer wa Chuo Kikuu cha Stanford. Itifaki yao, RARP, iliiwezesha mashine kutangaza namba ya kadi yake kwa wote waliomo katika waya na kungoja seva iijibu kwa anwani. Mwezi huohuo, Finlayson alieleza katika RFC 906 namna ya kuunganisha hatua hiyo na TFTP ili kupakia programu ya mwanzo.

Kampuni ya Sun Microsystems, iliyoanzishwa mwaka 1982 na ambayo jina lake lilitokana na mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliieneza njia hii kibiashara. Wakati huo diski zilikuwa ghali, hivyo ofisi iliweza kununua seva moja yenye diski kubwa na kuizungushia kompyuta kadhaa zisizo na diski. Kompyuta hizo zilipata anwani kwa RARP, zikachukua faili la mwanzo kwa TFTP, kisha zikapata mizizi ya mfumo wa faili kwa NFS, mfumo wa kushirikisha faili ambao Sun waliutoa katikati ya miaka ya 1980.

Utaratibu huu ulikuwa na kanuni moja ambayo bado huwasumbua watatuzi. Mashine ya Sun haikuambiwa jina la faili la kuomba. Ilijitungia jina hilo kwa kuigeuza anwani yake kuwa herufi na tarakimu za mfumo wa kumi na sita. Mashine iliyopewa anwani 192.168.1.10 huomba faili liitwalo C0A8010A, kwa herufi kubwa. Msimamizi akiliandika jina hilo kwa herufi ndogo katika seva ya Unix, faili litakuwepo, seva itakuwa nzima, waya utakuwa mzima, na mashine haitaanza. Hapa tunakutana kwa mara ya kwanza na sura ya hitilafu itakayojirudia katika historia hii yote: kila sehemu ni nzima inapopimwa peke yake, na kasoro imo katika makubaliano baina yao.

3.0 BOOTP na Kuvuka Mpaka wa Waya

RARP ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilifanya kazi katika ngazi ya chini kabisa ya mtandao, hivyo tangazo la mashine halikuweza kuvuka ruta na kila kipande cha mtandao kilihitaji seva yake. Pili, ilitoa anwani tu, bila kutaja seva yenye faili wala jina la faili lenyewe.

Mnamo Septemba 1985, Bill Croft wa Stanford na John Gilmore wa Sun walichapisha RFC 951 iliyoeleza itifaki ya BOOTP. Ujumbe wake ulisafiri juu ya IP na UDP, hivyo wakala aliyewekwa katika ruta aliweza kuupokea na kuupeleka katika mtandao mwingine. Ndani ya ujumbe huo wa baiti 300 kulitengwa nafasi ya baiti 64 kwa jina la seva, baiti 128 kwa jina la faili, na baiti 64 kwa taarifa za mtengenezaji. Katika pakiti moja mashine iliweza kujua ni nani, amwendee nani, na amwombe nini.

Mgawanyo huo wa nafasi ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa kwa makini. DHCP ilipoandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell mwaka 1993 katika RFC 1531, na kurekebishwa Machi 1997 katika RFC 2131, haikubuni ujumbe mpya. Ililichukua umbo la BOOTP, ikaacha nafasi za jina la seva na jina la faili mahali pake, na kuipanua nafasi ya mtengenezaji iwe nafasi ya vipengele vya ziada. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2024 inapoomba anwani, ujumbe wake bado una mifupa ya mwaka 1985.

Urithi huo ulileta utata mpya. Jina la faili sasa liliweza kuwekwa katika nafasi ya zamani ya baiti 128, au katika kipengele namba 67 cha DHCP, na anwani ya seva ya faili iliweza kuwekwa katika nafasi ya kichwa cha ujumbe au kuelezwa kwa kipengele namba 66. ROM iliyoandikwa kwa kufuata BOOTP husoma nafasi ya zamani tu. Seva inayojaza kipengele kipya na kuiacha tupu nafasi ya zamani itakuwa imejibu kwa lugha ambayo mashine hiyo haikufunzwa. Mtatuzi atauona ujumbe ukitoka na jibu likirudi, na bado mashine italalamika kwamba haikupewa jina la faili.

4.0 PXE na Ahadi ya Usanifu Mmoja

Hadi miaka ya 1990 kompyuta za kawaida za ofisini, zile zilizofuata usanifu wa IBM PC, hazikuwa na njia moja ya kuanzisha mfumo kupitia mtandao. Kadi nyingi za Etherneti zilikuwa na soketi tupu ya chipu, na aliyetaka kuitumia alinunua ROM ya mtengenezaji au alichoma yake mwenyewe. Mradi huria wa Etherboot ulizaliwa katika mazingira hayo. Ulitoa programu iliyoweza kuchomwa katika chipu au kuwekwa katika flopi, hivyo kadi isiyo na ROM iliweza kupewa uwezo huo bila gharama ya chipu. Kizazi chake cha baadaye, iPXE, kilichoanza kwa jina hilo mwaka 2010, bado kinatumika.

Intel iliweka usanifu wa pamoja kwa jina la PXE, na toleo la 2.1 la maelezo yake lilitolewa Septemba 1999. PXE iliunganisha DHCP na TFTP, ikaongeza namna ya kuitumia kadi ya mtandao bila programu iliyoanza kujua aina ya kadi hiyo. Tangu hapo kadi nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na uwezo huu ndani yake. Mwaka huohuo wa 1999 Jim McQuillan alianzisha mradi wa LTSP nchini Marekani, uliotumia njia hizi kuzipa kompyuta dhaifu mazingira ya Linux yaliyoendeshwa na seva. Shule na vituo vya jamii katika nchi nyingi vilivutiwa na wazo hilo, kwa kuwa seva moja yenye nguvu iliweza kuvipa uhai vifaa vilivyokwisha achwa na wengine.

Ni jambo la kuvutia kwamba PXELINUX, kipakizi kilichoandikwa na H. Peter Anvin, kilihifadhi desturi ya Sun. Kinapotafuta faili la maelekezo, hujaribu namba ya kadi, kisha anwani iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita kwa herufi kubwa, halafu huondoa tarakimu moja moja kutoka mwishoni hadi kufikia faili la jumla. Anayesoma kumbukumbu za seva bila kuijua historia hiyo huona mlolongo wa maombi ya faili zisizokuwepo na kudhani kuna hitilafu, ilhali ni utaratibu wa kawaida unaofanya kazi yake.

5.0 Migongano Minne ya Nyakati

Sehemu hii inachambua migongano minne ambayo mtatuzi wa mashine kongwe hukutana nayo, kwa mpangilio wa hatua za uanzishaji wenyewe.

5.1 Mlango Uliofungwa kwa Sekunde 30

Radia Perlman, alipokuwa Digital Equipment Corporation, alibuni mwaka 1985 algorithimu ya kuzuia mizunguko katika mitandao iliyounganishwa kwa madaraja. Algorithimu hiyo iliingizwa katika kiwango cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Chini ya kanuni zake za kawaida, mlango wa swichi unaopata kiungo kipya husikiliza kwa sekunde 15, hujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo huruhusu pakiti kupita. Jumla ni sekunde 30.

Maelezo ya PXE, kwa upande wake, yanaitaka mashine ingoje jibu la DHCP kwa vipindi vya sekunde 4, 8, 16 na 32. Tukijumlisha, ombi la kwanza hutoka katika sekunde ya 0, la pili katika sekunde ya 4, la tatu katika sekunde ya 12, na la nne katika sekunde ya 28. Ikiwa kiungo kimepatikana wakati ROM inaanza kazi, maombi yote manne hufika mlangoni kabla haujafunguliwa. Mlango hufunguka sekunde mbili baadaye, na mashine hukaa ikingoja jibu la ombi ambalo halikuvuka. Baada ya hapo ROM nyingi hukata tamaa na kuonyesha alama ya PXE-E51, yaani hakuna seva iliyojibu.

Hakuna upande uliokosea hapa. Swichi inaulinda mtandao usizame katika mzunguko, nayo ROM inamlinda mtumiaji asingoje milele. Kila kanuni ina mantiki yake, lakini waandishi wa kanuni hizo hawakuandika kwa ajili ya kukutana.

5.2 Faili Lililopita Kimo

TFTP huvihesabu vipande vyake kwa namba ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 65,535. Kwa vipande vya baiti 512, faili kubwa kuliko yote linaloweza kubebwa bila kuizungusha hesabu ni baiti 33,553,919, yaani takribani megabaiti 32. Mwaka 1981 ukubwa huo ulionekana hauwezi kufikiwa. Leo faili la mwanzo la mfumo wa Linux huupita kwa urahisi. Baadhi ya programu huirudisha hesabu katika 0, nyingine katika 1, na nyingine husimama. Kiendelezi kilichoelezwa katika RFC 2348 mwaka 1998 kiliruhusu vipande vikubwa zaidi, lakini ROM iliyotangulia kiendelezi hicho haikijui.

TFTP yenyewe ina historia ya hitilafu iliyopewa jina. Katika toleo la awali, uthibitisho uliochelewa uliweza kusababisha kila kipande kinachofuata kitumwe mara mbili hadi mwisho wa faili. Wahandisi waliifananisha na hadithi ya mwanafunzi wa mchawi aliyeshindwa kuusimamisha ufagio. RFC 1123 ya Oktoba 1989 iliamuru marekebisho, na RFC 1350 ya Julai 1992 ikaliandika upya toleo zima. Seva za kabla ya hapo hubaki na kasoro hiyo.

5.3 Mzigo Uliovunjwa Vipande Sita

Baada ya kiini kupakiwa, mashine isiyo na diski huomba mizizi ya mfumo wa faili kwa NFS. Katika desturi ya zamani, NFS ilisafiri juu ya UDP kwa mizigo ya baiti 8,192. Etherneti hubeba baiti 1,500 tu kwa mara moja, hivyo mzigo mmoja huvunjwa katika vipande sita vinavyotumwa mfululizo. Kadi kongwe yenye hifadhi ndogo ikikosa kipande kimoja, vyote sita hutupwa na kazi huanza upya. Dalili yake hupotosha: mashine hupata anwani, hupokea kiini, huonyesha maandishi ya mwanzo, kisha hukwama au hutambaa. Dawa ya zamani ni kupunguza mzigo hadi baiti 1,024, uingie katika pakiti moja.

Seva za leo zimeongeza ugumu wake. Katika Linux, utoaji wa toleo la pili la NFS na matumizi ya UDP vimezimwa katika usanidi wa kawaida. Mashine yenye kiini cha zamani inayoomba toleo la pili juu ya UDP hubisha hodi katika mlango ambao umejengwa ukuta.

5.4 Kiini Kisichoitambua Prosesa

Mgongano wa nne umo katika mfumo endeshi wenyewe. Linux iliandikwa mwanzoni kwa ajili ya prosesa ya 386, lakini uwezo wa kuendesha 386 uliondolewa katika toleo la 3.8 mwaka 2013. Ubuntu iliacha kutoa kiini kisichohitaji PAE kuanzia toleo la 12.10, na kwa hiyo baadhi ya prosesa za Pentium M zikabaki nje. Debian 9 ya mwaka 2017 iliacha prosesa za kizazi cha i586, nayo Debian 13 ya mwaka 2025 haikutoa tena kisakinishi wala kiini cha biti 32 kwa kompyuta za PC. Kwa hiyo mtandao unaweza kutimiza kila hatua bila dosari na kuikabidhi mashine programu isiyoweza kuiendesha.

6.0 Kisa cha Chumba Kimoja

Ili kuipima hoja hii, mtafiti anatoa kisa alichokishughulikia mwenyewe katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Chumba hicho kilikuwa na kompyuta 11 zisizo na diski, zilizokuwa zikianzishwa kutoka kwa seva moja. Baada ya swichi ya zamani kuungua na mpya kuwekwa, kompyuta 3 ziliendelea kufanya kazi na 8 zilinyamaza. Fundi aliyeitwa awali alipima umeme na kebo, akaiona seva ni nzima, akahitimisha kuwa kadi za mtandao zimeunguzwa na hitilafu ileile ya umeme iliyoichoma swichi. Kompyuta 8 ziliingizwa katika orodha ya vifaa vya kufutwa. Mwalimu wa somo hilo aliuliza swali moja: "Fundi, mbona zote zinawasha taa ya waya?" Swali hilo halikupata jibu siku ile, nalo ndilo lililoufungua uchunguzi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutafuta kilichozitofautisha zile 3. Ilibainika kwamba zilikuwa katika kona ya nyuma, zikiunganishwa na swichi ndogo ya mezani isiyo na usimamizi, ambayo nayo iliunganishwa na swichi mpya kwa kebo moja. Mtafiti alichukua kompyuta moja kati ya zilizohukumiwa, akaipeleka kona ile na kuichomeka katika swichi ndogo. Ilianza bila kusita. Kwa jaribio hilo dai la kadi kuungua lilianguka, angalau kwa mashine hiyo.

Hatua ya pili ilikuwa kusikiliza waya. Programu ya kunasa pakiti iliwekwa katika seva, na kompyuta moja iliyonyamaza ikawashwa mahali pake pa awali. Hakuna hata ombi moja lililofika kwa seva. Ombi halikukataliwa na seva, kwa kuwa halikuwahi kufika huko. Maelezo yaliyobaki ni yale ya 5.1. Swichi mpya ilikuwa ya kusimamiwa na ilifuata kanuni ya sekunde 30 katika kila mlango, ilhali kiungo baina yake na swichi ndogo kilikuwa wazi daima, na swichi ndogo haikuwa na kanuni hiyo. Milango iliyoelekea kwenye kompyuta iliposanidiwa kuwa ya pembezoni, yaani ifunguke papo hapo, kompyuta 5 kati ya 8 zilianza.

Kompyuta 2 zilisonga mbele kisha zikasimama kwa ujumbe ulio wazi katika skrini: kiini kilihitaji PAE, na prosesa haikuitangaza. Seva ilikuwa imesasishwa wiki ileile ya kuwekwa kwa swichi, na kiini kipya kilikuwa kimechukua nafasi ya kile cha zamani. Kosa la kwanza lilikuwa limelificha la pili, kwa kuwa mashine isiyopata anwani haifiki mahali pa kulalamikia kiini. Zilipotengewa faili lao la maelekezo kwa namba za kadi zao na kurudishiwa kiini cha awali, nazo zilianza.

Kompyuta ya 8 haikuwasha taa ya kiungo vizuri. Ilipochunguzwa kwa kebo tatu na milango mitatu, taa ilimweka na kuzima. Kadi yake ilikuwa imekufa kweli. Fundi, kwa hiyo, alikuwa sahihi kwa mashine moja kati ya nane.

7.0 Mjadala na Mipaka

Kisa kimoja hakithibitishi kanuni ya jumla, na mtafiti hadai hivyo. Kinachoonyeshwa ni jinsi mpangilio wa uchunguzi unavyoathiri hukumu. Fundi alianza na dhana ya uharibifu na kupima vitu kimoja kimoja. Vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi, lakini hakuna kipimo cha kitu kimoja kinachoweza kuonyesha kasoro ya makubaliano. Uchunguzi wa kihistoria huuliza swali jingine: mashine hii iliandikwa mwaka gani, na mwaka huo ilitegemea mtandao ufanye nini?

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mashine kongwe hutumia umeme mwingi kwa kazi ndogo, hivyo kuzifufua ni hasara. Pingamizi hii ina uzito, hasa pale bili ya umeme inapolipwa na shule yenyewe. Hata hivyo, uamuzi wa kuacha kifaa kwa sababu ya gharama hutofautiana na uamuzi wa kukiacha kwa kuaminishwa kuwa kimekufa. Wa kwanza una hesabu inayoweza kukaguliwa. Wa pili umejengwa juu ya kosa.

Pingamizi ya pili ni kwamba viini vya zamani havipati tena marekebisho ya usalama, na TFTP na NFS za kale hazina ulinzi wowote. Hili ni kweli bila ubishi. Mashine zilizofufuliwa kwa njia hii zinapaswa kuwekwa katika mtandao uliotengwa, mbali na kumbukumbu za wanafunzi na za fedha. Historia inaweza kumweleza mtatuzi kwa nini mashine ilinyamaza, lakini haimpi ruhusa ya kuiachia mlango wazi.

8.0 Hitimisho

Insha hii imefuata njia ya kuanzisha mfumo endeshi kupitia mtandao kuanzia TFTP ya 1981, RARP ya 1984 na BOOTP ya 1985 hadi DHCP ya 1993 na PXE ya 1999. Imeonyesha kwamba kila hatua ilizaliwa kutokana na upungufu wa iliyotangulia, na kwamba kila moja iliacha alama ambazo bado zinasomeka katika pakiti za leo. Hitilafu zilizochambuliwa zina asili moja: dhana ya mwaka fulani iliyogandishwa katika chipu, ikikutana na mtandao uliosonga mbele.

Kwa watafiti, insha inapendekeza kwamba kumbukumbu za hitilafu, alama za makosa katika skrini na nafasi tupu katika vichwa vya pakiti zichukuliwe kuwa vyanzo vya historia ya teknolojia, sawa na hati za wabunifu. Kwa wakufunzi wa mafundi, inapendekeza kwamba hatua za uanzishaji zifundishwe pamoja na miaka yake, ili fundi aweze kujua swali lipi la kuuliza katika hatua ipi. Kwa shule na ofisi, inapendekeza utaratibu mwepesi: kabla kompyuta haijaandikwa katika orodha ya kufutwa kwa sababu ya kunyamaza, ichomekwe katika swichi nyingine isiyo na usimamizi na pakiti zake zisikilizwe. Jaribio hilo huchukua muda mfupi. Katika chumba kilichoelezwa hapa, lilirudisha kompyuta 7 mezani, na wanafunzi waliokuwa wakikaa wanne kwa mashine moja wakapata nafasi.